James Sumner, mwanasayansi wa mkono mmoja aliyekamata kimeng'enya cha kwanza

Mhogo mchungu hauliwi ukitoka shambani. Mtoto wa Chiungutwa au wa Newala analijua hilo kabla hajaanza shule. Lazima umenywe, ukatwe, uanikwe hadi ukauke, ndipo utwangwe uwe unga. Au ulowekwe siku tatu nne mpaka ulainike. Lakini kuna swali ambalo wengi wetu hatujajiuliza: kwa nini tusiuchemshe tu? Moto huua vijidudu vya maji, huua minyoo iliyomo kwenye nyama, hulainisha maharage magumu. Kwa nini ushindwe na sumu ya mhogo?

Jibu la swali hilo limepita mikononi mwa Mmarekani mmoja aliyefariki mwaka 1955. Au niseme limepita mkononi mwake, maana alikuwa na mkono mmoja tu. Jina lake ni James Batcheller Sumner, mtaalamu wa kemia ya viumbe hai. Kazi yake haikuwa ya mhogo, ilikuwa ya maharage. Ila alichokigundua kwenye maharage hayo ndicho kinachotueleza mhogo unapoanikwa nini hasa kinatokea, na pia kwa nini mbolea ya urea hunuka na kupotea usipoifukia.

Kwanza tuelewane kuhusu kimeng'enya. Chukua tonge la ugali mkavu, tafuna muda mrefu bila kumeza. Utaanza kusikia utamu kidogo. Hakuna sukari uliyoongeza. Ndani ya mate kuna kitu kinachokata wanga wa ugali kuwa sukari. Kitu hicho ni kimeng'enya. Mwili wa mtu una maelfu ya vimeng'enya, na kila kimoja kina kazi yake: kimoja hukata wanga, kingine hukata nyama, kingine huvunja mafuta. Mimea inavyo, na hata vijidudu visivyoonekana kwa macho vinavyo. Mhogo nao unacho cha kwake. Sumu ya mhogo imehifadhiwa ikiwa imefungwa, haidhuru mmea wenyewe, na kimeng'enya cha kuifungua kimetengwa mahali pengine, kama ufunguo uliofichwa chumba cha pili. Ukitwanga au kukwangua mhogo, kuta za vyumba hivyo hubomoka, ufunguo hukutana na kufuli, sumu hufunguka na kupeperuka hewani.

Sasa rudi nyuma miaka 100. Wanasayansi wa wakati huo walijua kwamba vimeng'enya vipo, kwa sababu waliona kazi yake. Mwaka 1897 Mjerumani Eduard Buchner alikamua maji ya hamira, akayachuja yasibaki na chembe hai hata moja, na maji yale yakaendelea kugeuza sukari kuwa pombe. Kwa hiyo ilijulikana kuwa kinachofanya kazi ni kitu kilichomo ndani ya hamira, si uhai wenyewe. Lakini kitu gani? Hakuna aliyewahi kukiona wala kukishika kikiwa peke yake. Ilikuwa kama kusikia nyayo za mtu usiku kila siku na asubuhi usimkute. Wakubwa wa sayansi walisema kimeng'enya ni kitu kidogo mno, cha ajabu, kisichokuwa protini wala sukari wala mafuta, na kwamba kukitenga kikiwa safi ni ndoto.

James Sumner alizaliwa tarehe 19 Novemba 1887 katika mji wa Canton, jimbo la Massachusetts, Marekani. Kwao walikuwa na uwezo. Babu yake alikuwa na shamba na kiwanda cha pamba. Shuleni kijana huyu alichoshwa na karibu kila somo isipokuwa fizikia na kemia. Alichopenda kuliko vyote ni kuwinda.

Uwindaji huohuo ndio uliomgeuzia maisha. Akiwa na miaka 17 alikwenda porini na mwenzake kuwinda ndege wa jamii ya kwale. Bunduki ya mwenzake ikafyatuka bila kukusudia, ikampiga Sumner mkono wa kushoto. Madaktari waliukata chini ya kiwiko. Na hapa ndipo pana uchungu zaidi: Sumner alikuwa mashoto. Mkono uliokatwa ndio uliokuwa ukiandika, ukishika kijiko, ukirusha mpira. Ikabidi aanze upya kama mtoto, kujifunza kila kitu kwa mkono wa kulia ambao haukuwa umezoea kazi. Hakujifunza kuandika tu. Alirudi kwenye tenisi, akateleza kwenye theluji, na miaka mingi baadaye, akiwa mwalimu wa chuo kikuu, alishinda zawadi ya tenisi mbele ya walimu wenzake wenye mikono miwili.

Alisoma kemia Chuo Kikuu cha Harvard akamaliza mwaka 1910. Akafanya kazi kwa muda mfupi katika kiwanda cha pamba cha mjomba wake, haikumpendeza, akaenda kufundisha, kisha mwaka 1912 akarudi Harvard kuomba kusomea kemia ya viumbe hai kwa profesa aliyesifika sana, Otto Folin. Folin alimtazama, akamshauri akasome sheria. Kwa maoni yake, mtu wa mkono mmoja hawezi kemia. Tukiwa wakweli, profesa hakusema hivyo kwa chuki. Kazi ya maabara ya siku zile ilikuwa ya mikono hasa: kushika chupa huku ukimimina, kuzungusha bomba la kioo juu ya moto, kupima tone kwa tone. Lakini Sumner hakwenda kusoma sheria. Alibaki, akafanya utafiti juu ya namna mwili unavyotengeneza urea, ile taka inayotoka kwenye mkojo, na mwaka 1914 akapata shahada ya udaktari chini ya profesa yuleyule.

Mwaka huo alikuwa matembezini Ulaya Vita Kuu ya Kwanza ilipolipuka, akakwama Uswisi. Akiwa huko ilimfikia simu ya maandishi: Chuo Kikuu cha Cornell, katika mji wa Ithaca jimbo la New York, kinampa kazi ya ualimu. Alikwenda, na Cornell akakaa maisha yake yote ya kazi.

Kazi yenyewe haikuwa nyepesi. Vipindi vya kufundisha vilikuwa vingi, vifaa vichache, fedha za utafiti kidogo, wasaidizi karibu hakuna. Mtu mwenye hali kama hiyo kwa kawaida huchagua utafiti mdogo wenye uhakika. Sumner alipiga hesabu kinyume. Aliona kwamba kwa kuwa muda wake ni mchache, heri autumie kwenye jambo moja kubwa hata kama huenda likashindikana. Mwaka 1917 akaamua kukitenga kimeng'enya. Watu walimwambia ni upumbavu, na yeye ushauri huo ukamtia hamu zaidi.

Alichagua kimeng'enya kinachoitwa yurease, ambacho kazi yake ni kuvunja urea kuwa amonia na hewa ya kaboni. Amonia ni ile harufu kali inayochoma pua ukiingia banda la mbuzi lisilofagiliwa. Urea alikuwa ameizoea tangu Harvard, alijua kuipima. Na yurease alijua iko wapi kwa wingi: kwenye mbegu za kanavalia, maharage makubwa meupe yenye maganda marefu mapana kama panga, ambayo kwetu baadhi ya wakulima huyapanda kufunika na kurutubisha udongo. Hesabu yake ilikuwa rahisi: ukitafuta sindano, anza na rundo lenye sindano nyingi.

Alisaga maharage, akaloweka unga wake kwenye maji yaliyochanganywa na spiriti, akachuja, akapoza, akatazama kinachojitenga chini. Akarudia. Maabara yake haikuwa na jokofu. Aliweka vyombo vyake kwenye kizingiti cha dirisha usiku wa baridi na kuomba hali ya hewa iwe ya baridi zaidi. Miaka ikapita hivyo. Njiani alipata protini nyingine za maharage hayo zikiwa safi, mojawapo ikiitwa konkanavalini A, ambayo mpaka leo hutumika maabara nyingi duniani, lakini yeye hakuwa akiitafuta hiyo. Mwaka 1921 alipewa ufadhili wa kwenda Brussels kufanya kazi na Jean Effront, mtaalamu aliyeandika vitabu kadhaa kuhusu vimeng'enya. Mpango ukavunjika. Effront aliona wazo la kutenga yurease ni la kuchekesha.

Miaka 9. Msomaji anayelima mikorosho anajua kungoja ni nini, lakini hata mkorosho huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Huyu alingoja miaka 9 bila bibo hata moja.

Kilichofungua mlango kilikuwa badiliko dogo. Mwaka 1926 aliacha spiriti akatumia asetoni, kimiminika kikali ambacho akina dada wanakijua kwa kuondolea rangi ya kucha. Alichanganya sehemu 32 za asetoni katika kila 100 za mchanganyiko wake na maji, akatia unga wa maharage, akauacha uchuje wenyewe taratibu usiku kucha kwenye baridi. Asubuhi kimiminika kilichopita kilikuwa kidogo tu. Akachukua tone, akaliweka chini ya hadubini. Akaona chembe ndogo zinazong'aa, zenye pande nane, zote za umbo moja, kama chumvi iliyoganda vizuri. Hizo tunaziita fuwele. Kitu kikiganda kuwa fuwele ni dalili kwamba kimekuwa safi. Akazikusanya, akaziyeyusha, akazijaribu kwenye urea. Zilivunja urea kwa nguvu ambayo hajawahi kuiona. Akazipima kwa vipimo vya protini: vyote vikakubali. Akampigia simu mkewe kumwambia kwamba kimeng'enya cha kwanza duniani kimegandishwa.

Hapa ndipo ningependa tusimame kidogo, kwa sababu neno protini ndilo lenye uzito. Protini tunaijua kwenye yai. Ute wa yai bichi ni maji maji. Ukiupasha moto unaganda na kuwa mweupe, na ukisha kuganda huwezi kuurudisha ukawa ute tena. Protini nyingi zikipata moto mkali huharibika hivyo. Kama kimeng'enya ni protini, basi moto hukiharibu. Sasa rudi kwenye sufuria ya mhogo mchungu. Unapouchemsha mzima, moto hauifungui sumu. Moto unaharibu kimeng'enya, ule ufunguo, kabla haujafanya kazi yake. Sumu inabaki imefungwa ndani ya mhogo uliolainika vizuri na kunukia vizuri, na ukiula, vijidudu vya tumboni huifungua huko huko. Mhogo mtamu una sumu kidogo, ndiyo maana kuuchemsha kunatosha. Mchungu hapana.

Kuanika nako hakumalizi kila kitu. Makopa yakikauka haraka, kimeng'enya hukosa maji ya kufanyia kazi, na sehemu ya sumu hubaki kwenye unga. Kuloweka ni bora zaidi, lakini kwenye uwanda wa Makonde, ambako ndoo ya maji imekuwa taabu tangu enzi za mababu, nani ataloweka magunia ya mhogo? Ndiyo maana katika miaka ya njaa, watu wanapofupisha kazi ya kuandaa mhogo, huonekana wagonjwa wa konzo, ambao miguu yao hukakamaa ghafla na haiponi. Mkoa wa Mtwara umewahi kupata wagonjwa hao mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mkemia wa Australia, Howard Bradbury, alitafuta njia inayotumia maji kidogo, na imefundishwa Msumbiji, Kongo na hapa Tanzania. Unga wa mhogo huchanganywa na maji kiasi cha kuwa uji mzito, husambazwa kwenye ungo au mkeka kwa unene usiozidi sentimita 1, huachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini, kisha hupikwa ugali siku hiyohiyo. Maji yale huamsha kimeng'enya kilicholala ndani ya unga. Sehemu kubwa ya sumu iliyobaki huondoka.

Tumrudie Sumner, maana tumemwacha na furaha yake, na furaha hiyo haikudumu.

Alipochapisha matokeo yake mwaka huohuo wa 1926, wengi hawakumwamini. Mkubwa wa wasioamini alikuwa Mjerumani Richard Willstätter, aliyekuwa na Tuzo ya Nobel ya mwaka 1915 kwa kazi yake juu ya rangi ya kijani ya majani. Yeye na wanafunzi wake walikuwa wametenga vimeng'enya kwa njia zao hadi vikawa hafifu mno, wakapima protini, wasiione, wakahitimisha kwamba kimeng'enya si protini. Kwa maelezo yao, protini ya Sumner ilikuwa gari tu, na abiria mwenyewe, kimeng'enya, amejificha ndani yake na hajaonekana. Ubaya wa hoja ya namna hiyo ni kwamba haina mwisho. Hata ukisafisha vipi, mwenzako atasema abiria bado amejificha.

Upande mmoja kulikuwa na bingwa wa Ulaya mwenye tuzo na wanafunzi wengi. Upande wa pili mwalimu wa mkono mmoja kutoka mji mdogo, mwenye unga wa maharage. Ni rahisi kukisia watu walimsikiliza nani. Sumner hakuwa mpole katika mabishano hayo, na hakukaa kimya. Aliandika makala baada ya makala. Alionyesha kwamba kila jambo linaloharibu protini ya fuwele zake, iwe moto au kingine, hupunguza nguvu ya kuvunja urea kwa kiasi kilekile. Kama abiria ni mwingine na gari ni lingine, kwa nini wafe pamoja kila mara?

Msaada ulikuja kutoka kwa mtu mwingine. Mwaka 1930 John Northrop, wa Taasisi ya Rockefeller, aligandisha pepsini, kimeng'enya cha tumboni kinachosaga nyama, nacho kikawa protini. Vikafuata vingine. Mwaka 1937 Sumner mwenyewe alipata fuwele za kimeng'enya kingine, katalesi, kutoka kwenye ini la ng'ombe. Ukiweka dawa ya kuoshea vidonda ya haidrojeni peroksaidi kwenye kidonda ikatoa povu jeupe, kazi hiyo ni ya katalesi. Ubishi ukazimika polepole. Mwaka 1946, miaka 20 tangu asubuhi ile ya asetoni, Sumner alipewa nusu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia. Nusu ya pili waligawana Northrop na Wendell Stanley, aliyegandisha kirusi cha ugonjwa wa tumbaku.

Nyumbani maisha yake hayakuwa na utulivu kama hadubini yake. Alioa mara tatu. Mke wa kwanza, Cid Ricketts, alikuja kuwa mwandishi wa riwaya anayefahamika.

Faida ya kazi ile imetapakaa kiasi kwamba hatuioni tena. Sabuni nyingi za unga zina vimeng'enya vya kula madoa ya damu na jasho, na ukitumia maji yanayochemka unaviua kabla havijafanya kazi. Hospitalini, baadhi ya vipimo vya vidonda vya tumbo hutafuta yurease ileile, kwa sababu bakteria wanaosababisha vidonda hivyo huitumia kutengeneza amonia ya kujikinga na asidi ya tumbo. Na shambani, mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za naitrojeni, chakula cha mahindi yako. Udongo umejaa yurease kutoka kwa vijidudu na mabaki ya mimea. Ukiimwaga urea juu ya udongo wenye unyevu na joto ukaiacha, kimeng'enya huivunja kuwa amonia, na sehemu ya fedha yako hupaa angani ndani ya siku chache. Ukiifukia, amonia hiyo hunaswa na udongo, na mizizi huipata.

Mwaka 1947 Cornell ilimfanya Sumner mkurugenzi wa maabara ya kemia ya vimeng'enya. Alipokaribia kustaafu hakupanga kupumzika. Alikuwa akijiandaa kwenda Brazil, katika mji wa Belo Horizonte, kuanzisha kazi ya utafiti wa vimeng'enya katika chuo cha udaktari. Saratani ikamwahi. Alifariki tarehe 12 Agosti 1955 katika mji wa Buffalo, akiwa na miaka 67.

Maharage yake hayakuachwa. Mwaka 1975 watafiti wa Australia walipima upya yurease ya kanavalia wakakuta ndani yake madini ya nikeli. Hakuna kimeng'enya kingine kilichokuwa kimejulikana kabla ya hapo kuwa na nikeli.